Mshauri wa pesa za kustaafu: huyu wa bure au yule wa elfu ishirini?

Bi_Karani

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni karani wa malipo kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, Kenya, ofisi yetu iko Shimanzi. Nina miaka 56, na kwetu mtu hustaafu akitimiza 60. Mshahara wangu ni 78,000 kabla ya makato. Kampuni ina mfuko wake wa pensheni, mimi nakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza asilimia 5, na taarifa ya Desemba ilionyesha nina milioni 4.2 na ushei. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa serikali, nakatwa kama kila mtu. Nina akiba kwenye SACCO, si nyingi, na kiwanja Mtwapa ambacho hakijaona hata tofali moja. Mume wangu ni fundi wa mafriji, kazi zake ni za kujitegemea, pensheni hana. Mwanetu wa mwisho yuko mwaka wa tatu pale TUM, chuo kikuu cha ufundi cha hapa Mombasa.

Sasa nina washauri wawili.

Wa kwanza ni kijana wa shoga yangu, tumekaa mtaa mmoja Tudor tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuja nyumbani Jumapili na tai yake na tableti. Akanywa chai, akala kaimati, akanifungulia mchoro wa mstari unaopanda tu, haujui kushuka. Anasema ushauri wake ni bure. Anataka nianze mpango wa akiba wa bima, 10,000 kila mwezi kwa miaka kumi; mwisho napata fungu langu pamoja na faida, na nikifa katikati wanangu wanalipwa. Tena anasema serikali inanipunguzia kodi. Nikimuuliza kitu ananiambia "hilo usijali, mama". Mimi nimefanya kazi ya hesabu tangu enzi za leja za karatasi. Mtu akiniambia usijali, narudi kuangalia upya.

Wa pili nilipewa namba yake na mwenzangu wa kazini. Ana ofisi ghorofa ya tatu Moi Avenue, si mbali na Pembe za Ndovu. Kwa simu alinitajia 20,000 kwa mpango mzima: asome hati zangu zote, aniandikie mpango, tukutane mara mbili. Baada ya hapo nikimhitaji namlipa kwa saa. Hakujaribu kuniuzia chochote. Mume wangu aliposikia elfu ishirini za mazungumzo alicheka hata akaweka kikombe chini.

Nauliza: huyu wa kulipwa ana faida gani ambayo siwezi kujitafutia mwenyewe? Nitajuaje kama mtu ana kibali cha kushauri watu, maana kadi ya "mshauri wa fedha" hata mimi nikitaka naichapisha leo pale Mwembe Tayari? Na nyinyi mliokwisha staafu, mlimuuliza nini mshauri wenu kabla ya kutia sahihi? Na tafadhali, msiniambie jenga vyumba.

Mpangishaji_Kisauni

Mama, jenga vyumba. Kiwanja unacho tayari. Chukua hela ya mkupuo, piga vyumba sita vya kukodisha, kila mwezi unakaa kibarazani unapokea kodi. Hao washauri wote watakula hela yako huku wamevaa viatu vizuri.

Kreni_Mstaafu

Wa aleikum salaam, Bi Karani. Huyo Mpangishaji muache, amekatazwa mlangoni akaingilia dirishani.

Mimi niliendesha kreni, nimestaafu, sasa kazi yangu ni kubishana barazani. Mshauri wangu alikuwa mama mmoja mkali. Siku ya kwanza nilikwenda na bahasha ya taarifa za pensheni, hakuifungua. Akaniambia: nenda nyumbani, mwezi mzima andikeni kila kinachotoka, wewe na mkeo, halafu mrudi wote wawili. Tukaandika. Unga, gesi, tokeni za stima, maji ya mkokoteni mifereji ikikauka, dawa zangu za presha, nauli ya mama watoto akivuka feri kwenda kwa mamake Likoni. Tulipojumlisha, michango ya harusi na matanga ilikuwa imezidi stima na maji kwa pamoja. Sikujua! Ningeulizwa mdomo kwa mdomo ningesema ni vijisenti tu. Yule mama akaandika 52,000 katikati ya karatasi akaizungushia duara, akasema sasa leta bahasha.

Kwa hivyo mshauri anayeanza na bidhaa kabla hajajua nyumba yako inakula nini, kwangu mimi huyo ni muuzaji. Si tusi, kila mtu na kazi yake, lakini uzia wengine.

Halafu kuna jambo ambalo sioni kama kuna mtu amekueleza. Kama mfuko wenu ni wa pensheni hasa, siku ya kustaafu hupewi milioni 4.2 mkononi. Unaruhusiwa kuchukua mpaka theluthi moja kwa mkupuo. Zinazobaki lazima zikupe kipato, kwa njia mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni anuiti: unaikabidhi kampuni ya bima ya maisha zile theluthi mbili, nayo inakulipa kila mwezi mpaka ufe. Ya pili ni kuchota: pesa zinabaki kwenye mfuko uliosajiliwa, zinaendelea kuwekezwa, na wewe unachota kidogo kidogo kwa muda usiopungua miaka kumi, bila kuzidi asilimia 15 ya salio kwa mwaka.

Kuchota watu huipenda kwa sababu ukifa kilichobaki kinawaendea warithi. Lakini piga hesabu. Chukua hizo 4.2 kama zilivyo leo: theluthi ni 1.4, zinabaki 2.8. Asilimia 15 yake ni 420,000 kwa mwaka, yaani 35,000 kwa mwezi. Nzuri. Mfuko nao tuseme umezalisha asilimia 9, ni 252,000. Umetoa kuliko ulichovuna, salio limeshuka, na mwaka ujao ile asilimia 15 ni ya salio dogo zaidi. Mwenzangu wa zamu yuwachota kiwango cha juu kabisa tangu siku ya kwanza, na kila Januari yuwalalamika kwamba amepunguziwa. Hakuna aliyempunguzia.

Mimi nilichukua anuiti, kwa kuwa mke wangu hana pensheni, kama mumeo. Nilitaka inayoendelea kumlipa yeye nikitangulia. Hiyo hukupa kidogo kuliko ya mtu mmoja, na ukitaka inayopanda kila mwaka kupigana na bei za sokoni, inaanza chini zaidi. Pia kuna muda wa dhamana; wangu ni miaka kumi, maana yake hata tukifa wote wawili mwaka wa pili, walioandikwa wanaendelea kulipwa mpaka miaka kumi ikamilike. Ukishanunua hakuna kurudisha. Kazi kubwa ya yule mama ilikuwa kunitafutia bei kwa kampuni kadhaa, kwa kiasi kilekile na masharti yaleyale. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ilinilipia ada yake kabla mwaka haujaisha.

Mdhamini_Mikindani

Dada Bi Karani, mimi ni mdhamini, yaani mmoja wa wale wanaouangalia mfuko kwa niaba ya wanachama, niliyechaguliwa na wafanyakazi wenzangu kwenye mfuko wa kampuni yetu. Kwa mifuko kama wenu, ambao unapata kulingana na ulichochangia, sheria inataka angalau nusu ya wadhamini wapendekezwe na wanachama. Kwa hivyo hapo ofisini kwenu kuna mtu kama mimi. Mtafute kabla hujamlipa mtu yeyote senti. Mwombe kanuni za mfuko, mwulize kama ni mfuko wa pensheni au wa akiba tu ambao mtu huchukua zote kwa mkupuo, kwa sababu mpango wako wote unategemea jibu hilo.

Kuhusu vibali. Kila kazi ina mamlaka yake. Mifuko ya kustaafu, wasimamizi wake, mameneja wa uwekezaji na watunzaji wa mali husajiliwa na RBA, mamlaka ya mafao ya kustaafu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mawakala na mabroka wa bima wanapata leseni kwa IRA, mamlaka ya bima. Washauri wa uwekezaji wanapata leseni kwa CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Kuna pia ICIFA, chama cha kisheria cha wachambuzi wa uwekezaji na fedha chini ya sheria ya 2015, wale wanaofanya mitihani yao, inayoitwa CIFA, kwa bodi ya mitihani ya KASNEB. Mtu akikuambia ni mshauri, mwulize: unasimamiwa na nani? Kisha nenda mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka hiyo utafute jina lake. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani.

Na la msingi: anayekushauri asishike pesa yako. Mchango unaenda kwenye akaunti ya mfuko au ya kampuni yenye leseni. Mtu akikwambia "nitumie kwenye M-Pesa yangu nikulipie", nyanyuka.

Sasa nije kwa kijana wa shoga yako, kwa sababu hapa kuna hesabu ambayo wewe mwenyewe karani utaifurahia. Ni kweli bima ya maisha ya muda wa kuanzia miaka kumi ina nafuu ya kodi: asilimia 15 ya unacholipa, mwisho 5,000 kwa mwezi. Ukilipa 10,000, PAYE, ile kodi unayokatwa kwenye mshahara, inapungua kwa 1,500. Hakudanganya. Lakini chukua 10,000 hiyohiyo uiongeze kwenye mfuko wa kampuni kama mchango wa ziada wa hiari. Mchango wa pensheni unatolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa, mpaka asilimia 30 ya mshahara au 30,000 kwa mwezi, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kiwango cha zamani kilikuwa 20,000, kikapandishwa kwa sheria iliyoanza kutumika mwisho wa Desemba 2024. Asilimia 30 ya 78,000 ni 23,400. Sasa hivi unatumia 3,900 za mfuko, na NSSF kwa viwango vya 2025 ilikuwa 4,320, jumla 8,220. Una nafasi ya kama 15,000 unayoiacha bure kila mwezi. Na kwa kuwa mshahara wako uko kwenye ngazi ya asilimia 30, 10,000 ya ziada inapunguza PAYE kwa 3,000. Mara mbili ya bima.

Sheria hiyohiyo ya Desemba 2024 iliondoa kodi ya mapato kwenye mafao ya mfuko uliosajiliwa kwa mtu aliyefikia umri wa kustaafu. Unaingiza bila kodi na unatoa bila kodi. Na bima yake ya miaka kumi ingeiva ukiwa na 66, wakati mshahara wa kuilipia umekoma miaka sita nyuma. Hilo alikueleza?

Ajenti_Halali

Naomba na sisi tusikilizwe. Mimi ni ajenti wa bima, nina leseni, na nalipwa kamisheni. Hakuna ushauri wa bure, ni kwamba anayelipa ni kampuni, na inalipa kutoka kwenye malipo yako, tena sehemu kubwa inatoka mwanzoni. Sioni haya kusema. Wapo watu ambao bila ajenti kuwafuata mpaka nyumbani wasingeweka shilingi. Kijana mwenye watoto wadogo na mkopo wa nyumba namuuzia bima ya maisha na nalala usingizi mzuri.

Kwa mama wa miaka 56 ambaye mtoto wake wa mwisho karibu amalize chuo, mimi binafsi nisingeanza na mpango wa miaka kumi. Sitamsema vibaya kijana, labda ni mgeni kazini na ana shabaha ya mwezi ya kufikisha. Lakini mama, mwombe karatasi moja tu: jedwali la thamani ya kuvunja. Nikiacha kulipa mwisho wa mwaka wa kwanza napata ngapi, wa tatu ngapi, wa tano ngapi? Mipango mingi hairudishi kitu ukivunja kabla ya kama miaka mitatu. Halafu kwenye ule mchoro mwambie akuonyeshe kipi kimeandikwa kwenye mkataba na kipi ni makadirio ya bonasi. Ajenti mzuri atakupa vyote bila kukasirika. Akinuna, umepata jibu.

Na Mzee Kreni, "muuzaji" umelisema kama tusi bwana.

Kreni_Mstaafu

Samahani mwanangu. Ukipita Makupa kahawa juu yangu.

BintiKibokoni

Mimi nina swali ambalo naona wote mmelipita. Riba. Nina miaka 41, kazini kwetu mfuko umewekezwa kwenye hati za hazina ya serikali kwa wingi, na anuiti nayo nasikia masheikh wengi hawaikubali. Mshauri niliyemwendea, alipoona buibui yangu, akaniambia "tutakutafutia kitu cha Kiislamu", lakini nilipomuuliza kitu hicho kimewekezwa wapi na nani amekikagua kisharia, akaanza kuniambia kuhusu faida yake. Je, Bi Karani amelifikiria hili, au mimi ndiye ninayejitia dhiki?

Mdhamini_Mikindani

Hujitii dhiki, dadangu. Tangu benki za Kiislamu zianze kazi hapa nchini mwaka 2008 huduma zimeongezeka, kuna takaful, yaani bima ya Kiislamu, na kuna mifuko ya uwekezaji yenye bodi ya sharia. Swali lako kwa mshauri lilikuwa sawasawa kabisa: majina ya wanabodi ya sharia, ripoti yao ya mwaka, na orodha ya vilivyonunuliwa na mfuko. Asiyekuwa nayo anauza jina tu. Kwa mfuko wa kazini peke yako huwezi kuamua uwekezwe wapi, lakini wanachama mkijitokeza kwenye mkutano wa mwaka mkaomba wadhamini watafute sehemu isiyo na riba, lazima wawajibu. Kwetu wanachama waliuliza, na sasa jambo liko mezani. Kuhusu anuiti, wengi wenye msimamo wako huangalia njia ya kuchota, lakini hukumu yake mwulize sheikh unayemwamini, mimi ni mdhamini tu.

Jambo jingine ambalo Waislamu wa huku hulikosea sana ni ile fomu ya kuandika wa kulipwa ukifa. Mafao ya mfuko wa kustaafu hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi ya marehemu. Wadhamini wanalipa kulingana na kanuni za mfuko, wakiangalia fomu. Nimeona familia inakuja na hukumu ya Kadhi mkononi, mafungu yote yamepigwa vizuri, na fomu ya mfuko ina jina la ndugu mmoja aliyeandikwa wakati marehemu hajaoa. Kama unataka wagawiwe kisharia, andika hivyo kwenye fomu ukiwa hai, na uibadilishe kila nyumba inapobadilika.

Bi_Karani

Ahsanteni sana, nimerudi na habari.

Nimempata mdhamini wetu. Kumbe ni yule bwana wa ghala tunayegombana naye kila mwezi kuhusu stakabadhi za mafuta! Mfuko ni wa pensheni, theluthi kwa theluthi mbili, kama alivyosema Mzee Kreni. Mchango wa ziada unaruhusiwa, fomu ni ukurasa mmoja. Nimeomba 10,000 kuanzia mwezi ujao. Tena nikalinganisha taarifa ya mfuko na hati zangu za mshahara mwezi kwa mwezi, mambo ya ukarani hayo, kuona kama kila kilichokatwa kilifika. Kilifika. Wengine mkague, maana kukatwa si kufika.

Kijana wa shoga yangu nilimwomba jedwali la kuvunja. Haki ya Mungu alilileta, na hakununa. Mwaka wa kwanza sifuri, wa pili sifuri. Nikamwambia mwanangu, umri wangu hauniruhusu, lakini dadako ameolewa juzi na ana mimba, nenda kamweleze yeye kwa utaratibu kama ulivyonieleza leo. Mamake bado ananisalimia.

Kisha nikaenda Moi Avenue. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi na mume wangu nyuma yangu akihesabu vidato kwa sauti. Yule mshauri ni mwanamume wa makamo, dawati lake tupu, kikokotoo cha zamani kile chenye karatasi ya kuzunguka kama changu cha kazini. Hapo moyo ukalainika kidogo. Nilimwambia kabla sijakaa: nina maswali, naandika majibu.

Unalipwa na nani? Akasema na mimi tu, kwa kazi hii. Nikamuuliza, na nikinunua anuiti kupitia kwako? Akanyamaza kidogo, akasema kampuni ya bima humlipa kamisheni, na kwamba huipunguza kwenye ada ya mteja. Nikamwambia hilo liandikwe. Akakubali. Jina lake nimelikuta kwenye orodha ya mamlaka yake, mwaka huu. Nikamuuliza mteja wake aliyemwambia asinunue kitu ni yupi. Akacheka, akasema mwalimu mmoja aliyetaka kukopa SACCO anunue gari la abiria, matatu, miaka miwili kabla ya kustaafu.

Halafu akamgeukia mume wangu. Wewe unapata ngapi mwezi mbaya? Mume wangu akataja ya mwezi mzuri. Yule bwana hakuandika. Akamuuliza tena, mwezi wa Julai, baridi imeingia, mafriji hayaharibiki, unapata ngapi? Mume wangu akanitazama mimi. Elfu kumi na mbili, akasema. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kusikia namba hiyo. Basi mpango wote ukapinduka pale pale, kwa sababu mimi nilikuwa nahesabu kwamba kipato chake kitabeba chakula.

Kiwanja cha Mtwapa alituuliza gharama ya kujenga, vyumba vikikaa vitupu miezi mingapi kwa mwaka, nani atakwenda kudai kodi. Hatukuwa na majibu. Akasema basi kwa sasa ni kiwanja, tusikiandike kama mshahara.

Elfu ishirini amekata risiti, nusu sasa na nusu mpango ukitoka. Mume wangu alipokuwa akishuka ngazi hakuhesabu tena.

Sasa nina jambo moja. Barua ya makubaliano aliyonitumia ina ukurasa wa pili, hapo pameandikwa kwamba nikistaafu na nikichagua njia ya kuchota, naye akiendelea kunisimamia, atachukua asilimia 1 ya salio kila mwaka. Hilo hatukulizungumza. Ni kawaida?

Ajenti_Halali

Mama kwa kumtuma kijana kwa dadake, Mungu akuzidishie.

Asilimia hizo zipo, si ajabu. Ubaya ni kuiona kwenye ukurasa wa pili.

Mdhamini_Mikindani

Asilimia 1 ya 2.8 milioni ni 28,000 kwa mwaka, zaidi ya ada ya mpango wote, kila mwaka, na mfuko wenyewe tayari unamlipa meneja wa uwekezaji, mtunzaji na msimamizi kutoka kwenye salio hilohilo. Mwulize hiyo moja ni ya kazi gani ambayo hao watatu hawaifanyi. Kama ni kukutana na nyinyi mara moja kwa mwaka kupanga kiwango cha kuchota, basi alipwe kwa saa, kama alivyokuambia mwenyewe kwa simu mara ya kwanza.

Kreni_Mstaafu

Nami nasema hivyohivyo. Usimwache kwa ajili hiyo lakini, huyo aliyemtoa mumeo ya Julai anajua kazi. Piga mstari juu ya kifungu, nyote wawili mtie sahihi pembeni ya mstari, na ubaki na nakala.

Bi_Karani

Nimempigia. Anasema barua ni ya mfano mmoja kwa wateja wote na kifungu kinaweza kutoka. Nikamwambia kitoke kwanza, barua mpya ije, ndipo nitie sahihi, kupiga mistari sitaki, nimeona mengi kwenye stakabadhi za mafuta. Ameahidi Alhamisi. Mkutano wa pili tutazungumzia anuiti ya wawili na ile ya mmoja, Mzee Kreni, na ningependa kujua wewe ulipopata zile bei za kampuni mbalimbali zilikuwa zinadumu muda gani kabla hazijabadilika.

Kreni_Mstaafu

Kila moja iliandikwa tarehe ya mwisho juu yake, na hazikuwa sawa. Moja ilikwisha wakati sisi bado twabishana. Ziombe zote wiki moja, na uziombe ukiwa karibu kustaafu kweli. Za leo zitakuonyesha tu nani ni nani.

Mpangishaji_Kisauni

Vyumba vyangu viwili viko tupu tangu Ramadhani. Naomba namba ya huyo bwana wa Moi Avenue.